Jeraha Lisiloonekana kwenye Eksirei: Fidia ya Kiwewe kutoka Minhaji hadi Matsangoni

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikishaliacha daraja la Kilifi hupita Tezo, ikaingia Matsangoni, kisha ikaelekea Mida na Gede. Matsangoni ni wadi ya Kilifi Kaskazini, na kama ilivyo kwa vituo vingi vya njia hiyo, maisha yake yamesogea hadi ukingoni mwa lami: kina mama wa samaki wa kukaanga na viazi karai, vijana wa bodaboda wanaongoja abiria, watoto wa shule wanaovuka makundi kwa makundi asubuhi na alasiri. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Mombasa lililazimika kusimama na kungoja feri. Siku hizi halina tena pa kusimama kwa lazima. Ajali ikitokea, kila mtu anajua kinachofuata: nambari ya OB, abstrakti ya polisi, fomu ya P3, ripoti ya daktari, wakili, bima. Aliyevunjika mguu hulipwa mguu, na aliyefiwa hudai kwa niaba ya marehemu. Lakini yule aliyetoka ndani ya matatu akiwa na mikwaruzo miwili mitatu, ambaye mwezi wa nne sasa hawezi kupanda gari, anayeamka usiku akisikia mabati yakijikunja, huambiwa amshukuru Mungu kwa uzima, na hakuna anayemfungulia faili. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo haikutoka katika mila za pwani, wala sheria ya Kenya ya leo haiiamuru. Ilitoka katika mpango wa mahakama uliowekwa mwaka 1897, ambao polepole uliifunga milango tuliyokuwa nayo na kutuachia mmoja uliokuwa umefungwa tayari. Mlango huo ulikuja kufunguliwa, ila mazoea ya kudai hayajabadilika.

Tuanze na yale yaliyokuwako. Kwa karne nyingi Waislamu wa pwani hii wamefuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kitabu kilichotegemewa mno na makadhi wao ni Minhaji cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13. Waingereza wenyewe walikithamini: tafsiri yake ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1914 ilikuwa ikifunguliwa na majaji wa kikoloni wa Afrika Mashariki kila walipohitaji kuamua mirathi au wakfu. Kwenye mlango wa diya, yaani fidia anayolipwa aliyedhurika au jamaa wa aliyeuawa, kitabu hicho kinaizungumzia hofu waziwazi. Mtu akimpigia ukelele mtoto asiye na utambuzi aliyesimama ukingoni mwa dari, mtoto akashtuka, akaanguka na kufa, diya ni wajibu, ingawa hakuna mkono uliomgusa. Mtawala akimwita mwanamke aliyesingiziwa jambo baya, naye kwa hofu mimba ikamtoka, mtawala ni dhamini wa kilichopotea. Nyuma ya kauli hiyo kuna kisa cha Khalifa Umar, aliyemtumia mwanamke wito, mwanamke akaogopa hadi mimba ikatoka. Masahaba wakatofautiana, na Ali akasema lazima Khalifa alipe. Zaidi ya hayo, kitabu kinaihesabu akili miongoni mwa vitu ambavyo mtu akivipotezewa hulipwa diya kamili, sawa na ile ya nafsi nzima. Wanazuoni hawakufungua mlango bila bawabu, maana walisema pia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akipigiwa ukelele ukingoni mwa dari akaanguka, kauli yenye nguvu ni kwamba hana diya. Waliweka mipaka kwa kutazama nani ameshtuliwa na kwa jinsi gani. Hawakusema kwamba mshtuko hauwezi kuwa jeraha.

Upande wa Wagiriama, ambao ndio wengi katika wadi ya Matsangoni na nyuma yake, kulikuwa na kore, fidia ya damu. Kore haikudaiwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja. Mbari ya aliyekufa iliidai mbari ya aliyeua, na wazee wa kambi ndio waliosikiliza na kuamua. Palipokuwa na mabishano ya nani mkweli, kulikuwa na viraho, viapo vya kupima ukweli ambavyo watu waliviogopa kwa dhati. Kore ilihusu damu iliyomwagika, na sitadai kwamba wazee walikaa Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kupima ndoto mbaya za manusura. Ninachokiona muhimu ni muundo wake. Jeraha lilihesabiwa kuwa pengo la ukoo mzima, na mzigo wa kulipa ukabebwa na ukoo mzima. Fiqhi nayo ina jambo hilo hilo: diya ya kuua kwa bahati mbaya hubebwa na akila, yaani jamaa wa upande wa kiume wa aliyesababisha. Watu wa pwani, Waislamu na wasio Waislamu, walikuwa tayari na wazo ambalo kampuni za bima zilikuja nalo baadaye, kwamba madhara makubwa yagawanywe juu ya wengi ili aliyeumia asibaki mikono mitupu.

Utawala wa Kiingereza haukuwa mgeni wa wazo hilo pale lilipoufaa. Mwaka 1914, baada ya upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwatoza Wagiriama wote faini ya rupia 100,000. Dhima ya pamoja ilikubalika mlipwaji alipokuwa serikali. Mwananchi alipokuwa ndiye wa kulipwa, alielekezwa kwenye sheria nyingine kabisa, sheria iliyokuwa imeingia miaka 17 kabla ya baruti hiyo. Ukanda wa maili kumi, ambao Matsangoni imo ndani yake, ulitiwa chini ya usimamizi wa Uingereza kwa mkataba wa mwaka 1895 na Sultani wa Unguja. Miaka miwili baadaye ikatoka amri ya kifalme ya kuanzisha mahakama za Afrika Mashariki, na ikaletwa sheria ya kawaida ya Uingereza kwa tarehe maalumu ambayo bado imeandikwa katika Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8: tarehe 12 Agosti 1897.

Tarehe hiyo ina uzito kwa sababu ya kilichokuwa kimeamuliwa London miaka tisa tu kabla yake. Mwaka 1886, katika viunga vya Melbourne, Australia, mlinzi wa njia panda ya reli alifungua geti na kukiruhusu kigari cha farasi kuvuka huku treni ikija. Treni ilipita karibu sana bila kukigusa. Mwanamke aliyekuwamo alizimia, akaugua kwa muda mrefu, na mimba yake ikatoka. Mahakama za Australia zilimpa fidia. Shirika la reli likakata rufaa hadi kwa Baraza la Malkia mjini London, mahakama ya mwisho ya makoloni yote, na mwaka 1888 Baraza likafuta fidia hiyo. Lilisema kwamba madhara yanayotokana na hofu tupu, bila pigo la mwili, yako mbali mno na kosa, na kwamba kuyakubali kungefungua uwanja mpana wa madai ya kubuni. Hiyo ndiyo kauli iliyokuwa kileleni mwa sheria siku pwani yetu ilipoletewa sheria hiyo. Mtu aliyepotezewa akili kwa mshtuko, ambaye kwa Minhaji angestahili diya ya nafsi nzima, kwa sheria mpya hakustahili hata senti.

Dhuluma haikuishia hapo. Hukumu ya Baraza la Malkia ilizibana mahakama za makoloni, lakini haikuzibana mahakama za Uingereza yenyewe. Mwaka 1901 majaji wa London waliikataa: mhudumu mmoja wa kilabu cha pombe, naye mja mzito, alishtuka farasi na gari lao walipoparamia ndani ya kilabu, akajifungua kabla ya wakati, na mahakama ikasema anaweza kudai kwa sababu aliihofia nafsi yake. Katika miaka ya 1920 wakasogea mbele zaidi. Lori lilikuwa limeachwa juu ya mlima bila dereva katika mji wa Folkestone, likaanza kushuka lenyewe. Mama aliyekuwa ametoka kuwaacha watoto wake njiani wakielekea shule aliliona likitoka kwenye kona waliyokuwa wameikata. Hakuguswa, ila hofu ya watoto wake ilimwangusha na hatimaye ikamuua. Mahakama ya Rufaa ikasema mumewe anastahili kusikilizwa. Waingereza, basi, walijifungulia mlango nyumbani kwao, na kwa muda mrefu raia wa makoloni wakabaki chini ya kauli ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuitupa.

Kesi inayonigusa kuliko zote ni ya Edinburgh, kwa kuwa mwenye kuijua Matsangoni ataitambua bila kuelezwa. Oktoba 1938 muuza samaki, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alikuwa ameshuka kwenye tramu na akichukua kapu lake. Mwendesha pikipiki akapita kwa kasi, akagongana na gari mita kama 15 kutoka alipokuwa yule mwanamke, akafa papo hapo. Mwanamke hakuiona ajali yenyewe, aliusikia mshindo wake, na baadaye akaiona damu barabarani. Mwezi uliofuata alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Mwaka 1942 Baraza la Malodi lilimnyima fidia kwa hoja kwamba mwendesha pikipiki hakuweza kutarajia kumdhuru mtu aliyekuwa mbali kiasi kile na hatari. Iweke hukumu hiyo kando ya kisa cha Khalifa Umar. Wanawake wawili, wote waja wazito, wote hawakuguswa na mtu, na wote walipoteza watoto kwa hofu. Katika karne ya saba Ali alisema mwenye kusababisha hofu alipe, hata kama ni Amiri wa Waumini. Katika karne ya 20 majaji wa London wakasema mwanamke huyo hakuwa ndani ya mawazo ya mwendesha pikipiki. Simaanishi kwamba sheria moja ni bora kuliko nyingine katika kila jambo. Nasema tu kwamba anayedai fidia ya kiwewe ni wazo geni lililoletwa pwani na mawakili wa kisasa ameigeuza historia juu chini.

Milango ya nyumbani ilifungwa kwa hatua, na hatua hizo zina tarehe. Makadhi na maliwali waliendelea kuamua kesi enzi za ukoloni, lakini uwanja wao ulikuwa ukipunguzwa. Barua za Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, zilizouunganisha ukanda wa pwani na Kenya, ziliahidi kuzilinda mahakama za Kadhi katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Sheria ya Mahakama za Makadhi ya mwaka 1967 ikafuata mpaka huo huo, na kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeurudia. Kwa hiyo mlango wa diya katika Minhaji bado husomwa katika darasa za misikitini, ila hakuna kadhi wa Kenya anayeweza kuutolea hukumu. Mila nayo ilipatwa na hayo hayo. Sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1967 iliorodhesha madai yanayoweza kuamuliwa kwa mila: ardhi, ndoa na mahari, mimba, hadhi ya mtu, urithi. Mwaka 1970, katika rufaa iliyobeba majina ya Kimijikenda, Kamanza Chiwaya dhidi ya Tsuma, Mahakama Kuu iliamua kwamba orodha hiyo imekamilika na madai ya madhara kwa mujibu wa mila hayamo. Kore ikawa imetolewa rasmi mahakamani. Tangu hapo mwenyeji wa Matsangoni aliyeumizwa na gari amebaki na njia moja tu, ile ya sheria ya Kiingereza.

Njia hiyo, kwa bahati nzuri, si ile ya mwaka 1888 tena. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza mfadhaiko wa baada ya kiwewe katika kitabu chake cha magonjwa, hasa kwa sababu ya wanajeshi waliotoka Vietnam, na tangu hapo daktari ana vipimo vya kufuata: mambo yanayomrudia mgonjwa bila kuitwa, kukwepa kila kinachomkumbusha, mawazo yaliyojaa giza, na mwili unaokaa macho saa zote, hayo yote yakidumu zaidi ya mwezi mmoja. Mahakama za Uingereza zikafuata. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989 ziliweka masharti makali kwa jamaa walioshuhudia, na mwaka 1995 zilikubali kwamba aliyekuwamo ndani ya ajali, hata asipoumia mwili, anaweza kulipwa kwa maradhi ya akili ikiwa kuumia mwili kulitarajiwa. Abiria wa matatu iliyopinduka anaingia humo moja kwa moja. Wala mahakama za Kenya si wageni wa jeraha la nafsi. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia manusura 21 wa vyumba vya mateso vya Nyayo House. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa enzi za Mau Mau pauni milioni 19.9. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru wanne kati ya waliodhulumiwa kingono katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Katika kesi hizo zote maumivu ya nafsi yalikuwa sehemu ya kilichopimwa. Kinachobaki kuulizwa ni kwa nini mambo yanayokubalika aliyekosa akiwa Serikali hayasikiki aliyekosa akiwa dereva.

Jibu naliona katika karatasi. Ichukue fomu ya P3 uisome kipengele kwa kipengele. Inamuuliza daktari nguo za mgonjwa zilikuwa na michaniko au madoa, na kama damu ilikuwa mbichi au imekauka. Inauliza jeraha liko sehemu gani ya mwili, lina umri wa saa, siku au wiki ngapi, limesababishwa na silaha ya aina gani, na ni la daraja gani. Ni fomu iliyotungwa kwa ajili ya kesi za shambulio, ikageuzwa mlango wa kesi za barabarani. Mwenendo wa mgonjwa una nafasi ndogo tu kwenye uchunguzi wa jumla. Anayejaza huijaza siku ya kwanza au ya pili, wakati kiwewe bado hakijatimiza hata mwezi unaohitajika ili kiitwe ugonjwa. Ripoti ya daktari wa madai hufuata P3, hati ya madai ya wakili hufuata ripoti, na hakimu wa Kilifi au Malindi huamua yaliyomo kwenye hati. Kisha kuna kanuni kwamba majeraha yanayofanana yalipwe viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo kila upande huleta hukumu za zamani za kulinganisha. Za mfupa wa paja zimejaa tele. Za kiwewe peke yake ni adimu, kwa kuwa hakikudaiwa, na hakidaiwi kwa kuwa mawakili hawana hukumu za kulinganisha. Hakuna aliyetunga njama. Ni karatasi moja inayoifuata nyingine.

Kuna jambo jingine la karatasi linaloziumiza familia za kwetu zaidi. Gharama zilizotumika huitwa fidia maalumu, na sheria inataka zitajwe moja moja na kuthibitishwa kwa risiti. Manusura wa Matsangoni asiyelala hupelekwa kwanza kwa wanaomjua. Atafanyiwa zinguo, atanyweshwa kombe, aya zikiwa zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Au atapelekwa kwa mganga, ataombewa kanisani usiku kucha. Huko kote kuna nauli, kuna kuku au mbuzi, kuna siku za kazi zilizopotea kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza, na hakuna karatasi hata moja. Fedha hizo zimetumika kutibu jeraha la ajali sawasawa na zile za plasta ya mguu, lakini mbele ya hakimu ni kama hazikutoka mfukoni mwa mtu. Linganisha na anachopata marehemu. Kwa mazoea ya mahakama zetu, kupotezewa matarajio ya kuishi hukadiriwa shilingi 100,000, na pesa hizo huingia kwenye mirathi. Mama aliyemwona mwanawe akigongwa mbele ya meza yake ya samaki anaweza kurithi sehemu ya laki hiyo. Kwa yale ambayo macho yake yaliona, asipoyadai mwenyewe, hapati kitu.

Wapo watakaosema kwamba tukifungua mlango huu tutawaalika waongo. Hofu hiyo si ya kupuuza. Biashara ya madai ya ajali nchini ina historia mbaya, kuna abiria wamewahi kudai kuwa ndani ya matatu ambayo hawakuipanda, na kampuni kadhaa zilizobeba magari ya abiria zimeanguka. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na walioshinda kesi wakabaki na hukumu zisizolipika. Lakini tuitazame hoja vizuri. Udanganyifu huo ulifanyika katika madai ya mwili, yale yenye eksirei na mihuri. Hakuna aliyependekeza kwamba kwa sababu kuna waongo wa mifupa, mifupa isilipwe. Dawa iliyotafutwa ilikuwa ushahidi bora. Tena ugonjwa wa akili unaopimwa kwa wiki kadhaa na mtaalamu asiye na maslahi, ukathibitishwa na mwajiri, jirani na rekodi za kliniki, si rahisi kuughushi kuliko maumivu ya shingo. Hoja ya madai ya kubuni ndiyo iliyotumika mwaka 1888 dhidi ya mwanamke ambaye mimba yake ilikuwa imetoka kweli. Ilikosea tangu siku yake ya kwanza.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na ndilo linalogusa neno la sheria. Sheria ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kifo au jeraha la mwili, na tangu mabadiliko ya mwaka 2006 bima hiyo hailazimiki kupita shilingi milioni 3 kwa dai moja. Kampuni inaweza kushikilia kwamba kiwewe kitupu hakimo katika jeraha la mwili, kwa hiyo aliyeshinda amfuate mwenye gari mwenyewe, ambaye mara nyingi ana matatu moja ya mkopo. Kwa aliyeumia mwili pamoja na akili ubishi huo hauna nguvu, kwa maana yote ni ya jeraha moja. Kwa yule ambaye hakuchubuka, tundu hilo ni la kweli. Wakati huo huo, kanuni ya adhabu ya nchi hii inapofafanua madhara hutaja maumivu ya mwili, ugonjwa na hitilafu ya afya, iwe ya muda au ya kudumu. Haina haki nchi ambayo sheria yake ya jinai inakubali kwamba ugonjwa ni madhara, ilhali sheria ya bima inaacha nafasi ya kulikana hilo. Bunge liliifungua Sura ya 405 mwaka 2006 na tena mwaka 2013, mara zote likitafuta namna ya kupunguza malipo. Linaweza kuifungua tena na kuandika maneno machache: jeraha la mwili au la akili. Kwamba nauli itapanda kidogo nakubali. Mzigo huo sasa hivi haujaondoka, umebebwa na wale wachache walionusurika na watu wa nyumbani mwao. Akila na mbari zilikuwapo ili mambo yasiwe hivyo.

Limebaki pingamizi lisilosemwa mahakamani, nalo nadhani ndilo lenye nguvu kuliko yote: kwamba ajali ni kadari, aliyetoka mzima ashukuru, na kudai fedha kwa sababu ya woga ni kufuru au ni aibu. Naiheshimu shukrani hiyo. Lakini waliotunga mlango wa diya waliiamini kadari kuliko sisi, na hawakuona mgongano wowote baina ya kumwachia Mungu roho na kumdai mwanadamu kosa lake. Dereva aliyepita gari jingine kwenye kona ya hatari alifanya uamuzi. Kondakta asiyeweza tena kusimama mlangoni mwa matatu amepoteza kazi, na watoto wake hula kwa kazi hiyo. Mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa ikiwa imepakia kupita kiasi, wakafa watu 272. Idadi hiyo ndiyo tunayoikumbuka kila mwaka. Walioogelea wakafika pwani hatuna ada ya kuwakumbuka, ingawa baadhi yao walilazimika kuvuka kwa feri kesho yake kwenda kazini.

Tukianza kuwasikiliza watu wa aina hiyo, mahakama za Malindi na Mombasa hazina haja ya kunakili masharti ya Hillsborough neno kwa neno. Huko, upendo wa mzazi, mtoto na wanandoa huchukuliwa kuwa upo, na ndugu wa tumbo moja akatakiwa kuuthibitisha, wengine wakashindwa. Katika nyumba za Kilifi mtoto hulelewa na nyanya, na mama mkubwa ni mama. Sheria ya Mahakama yenyewe inasema mila ziwe mwongozo katika kesi za madai pale zisipokiuka haki, na kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Swali la nani ni jamaa wa karibu ni mahali panapofaa kabisa kwa mwongozo huo, na wazee wa kaya wanaweza kulijibu vizuri kuliko hukumu yoyote ya London.

Hayo yatachukua muda, na aliyeumia leo hawezi kuyangoja. Kwa hiyo naomba mambo madogo yafanyike sasa. Mawakili wa Kilifi na Malindi wamuulize kila mteja wa ajali jinsi anavyolala, kisha wayaandike majibu kwenye hati ya madai. Madaktari waipe P3 karatasi ya nyongeza baada ya wiki sita. Familia zinazopeleka wagonjwa kwenye zinguo au maombi ziwapeleke pia kliniki ya afya ya akili, hata mara moja, ili tarehe iandikwe mahali. Tarehe hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mwenye dai dhidi ya mtu binafsi ana miaka mitatu, na mwenye dai dhidi ya Serikali ana miezi 12 tu, na kwa kawaida hesabu huanza siku ya ajali, si siku aliyojitambua kuwa ni mgonjwa.